Majani ya bahari: uhai wake uko chini ya mchanga

Maji ya bamvua yakipwa pwani ya Tongoni au Mwambani, Tanga, mnamo saa nne au saa tano asubuhi, uwanda wa kijani hujitokeza kuanzia mbele ya mikoko hadi karibu na mwamba. Wapitao juu yake ni wengi: wachokoa pweza, kina mama wanaotafuta chaza, vijana wanaosukuma ngalawa kwenda kilindini. Waulize wanakanyaga nini, wengi watajibu "mwani", na makosa mengi huanzia hapo.

Mwani hauna mizizi ya kweli wala maua. Hushika jiwe au kamba na kufyonza chakula chake chote majini. Haya majani ni jamaa wa mimea ya nchi kavu iliyorudi baharini zamani za kale. Yana mizizi, yana shina, yanachanua na kuzaa mbegu, na hufanya yote hayo yakiwa ndani ya maji ya chumvi. Maofisini huitwa nyasi bahari. Hapa nitasema majani tu, kama pwani inavyosema. Tanzania ina aina zipatazo 12, na karibu zote unaweza kuziona Tanga bila kupanda chombo, ukichagua siku ya maji kupwa sana.

Kabla ya kuyahesabu au kuyalaumu kwa kuharibu vigingi vya mwani, chimba. Ingiza vidole mchangani kiasi cha sentimita tano hadi kumi na ufuate jani mpaka chini. Utakuta shina linalotambaa, lenye vifundo, kama ukoka wa uwanjani. Kila kifundo hutoa mizizi chini na kishada cha majani juu. Akiba ya wanga imo humo, na jani jipya huzaliwa humo. Kwa hiyo jani likiliwa na pono au likikatwa na pondo, mmea hauna hasara kubwa. Baada ya siku chache jani jingine limepanda. Shina likikatika au kung'oka, hesabu inabadilika kabisa.

Tena inabadilika kwa kadiri ya aina, kwa sababu mwendo wa mashina haya chini ya mchanga hutofautiana sana. Vipimo vya wataalamu vinaonyesha kwamba Halophila ovalis, lile jani dogo la mfano wa yai, hutambaa zaidi ya mita tatu kwa mwaka. Cymodocea rotundata hufika kama mita mbili. Thalassia hemprichii, ambalo ndilo limejaa sana kwenye nyanda za mbele ya mikoko, huenda nusu mita hivi. Thalassodendron ciliatum ni sentimita 16 tu. Na Enhalus acoroides, lile refu kuliko yote, ni kama sentimita tatu. Sentimita tatu kwa mwaka mzima! Mfereji wa upana wa mita moja uliokwanguliwa na nanga katikati ya Enhalus, ukingoja mashina ya pande mbili yakutane, ni kazi ya zaidi ya miaka kumi na tano, labda mbegu ziwahi. Mfereji huohuo kwenye Halophila utafunikwa kabla mwaka haujaisha. Ndiyo maana sielewi mtu anayesema "yataota tena" kabla hajatazama ni jani gani.

Jinsi ya kuyatambua

Enhalus halikupi shida. Jani ni mkanda wa upana wa sentimita moja na nusu hivi, urefu wake hupita mita moja, na shina la chini ni nene kama kidole gumba, limefunikwa manyoya meusi magumu mfano wa brashi. Hupenda mchanga wenye tope, karibu na mikoko. Ua lake la kike lina kikonyo kirefu kinacholifikisha juu ya maji. Maua ya kiume hukatika huko chini, hupanda na kuelea kama chenga nyeupe, na maji ya bamvua yakishuka husukumwa na upepo mpaka kwenye ua la kike. Ukiona punje nyeupe zimetapakaa juu ya majani marefu siku hizo, usidhani ni povu au uchafu. Mbegu zake huliwa, na upande wa Lamu hata shina lake limewahi kuwa chakula.

Thalassia ni fupi, mara nyingi sentimita 10 hadi 30, limepinda kama mundu, lina vistari vidogo vya kahawia ndani ya jani, na shina lake limejaa makovu ya pembetatu yaliyokaribiana. Cymodocea ziko mbili: moja ina ncha ya mviringo iliyo laini, nyingine, serrulata, ina ncha yenye meno ya msumeno. Halodule uninervis ni jembamba sana, la milimita chache, na ncha yake ina meno matatu. Liinue juu uitazame ncha dhidi ya mwanga. Syringodium ni la mviringo kama tambi. Thalassodendron linakaa peke yake kwa umbo: lina kijiti kigumu kilichosimama na kishada cha majani kichwani, nalo hupatikana kwenye vidimbwi vya mwamba na chini zaidi, mahali penye mkondo na mawimbi.

Kosa la kawaida ni kupima aina kwa urefu wa jani. Thalassia ya mahali panapokauka kila bamvua ni fupi. Ya ndani ya kidimbwi, hatua tano tu kutoka hapo, ni ndefu mara mbili. Tazama ncha na tazama shina. Ncha nayo ina hila yake: iliyoliwa na samaki au kuungua kwa jua haina meno tena, kwa hiyo chukua jani changa la katikati ya kishada.

Ndani ya majani kuna nini

Ukizungumza na mvuvi wa madema huna haja ya kumweleza thamani ya majani, maana anatega humo. Tafi ndiye mwenyeji mkuu, na pono wa majani hula jani lenyewe, akiacha alama ya nusu mviringo ukingoni. Changu wadogo hujificha humo kabla hawajahamia mwambani. Kamba wa aina ya Penaeus semisulcatus hukulia kwenye majani, tofauti na yule kamba mweupe anayekulia zaidi kwenye mikoko. Ngisi hutundika mayai yake kwenye mashina, yale mafungu ya vidonge vyeupe kama vidole. Vichanga vya jongoo bahari wa mchanga hutua kwanza juu ya jani la Thalassia au Enhalus, hukaa hapo mpaka wapate ukubwa wa kushuka mchangani. Anayetaka kufuga jongoo mahali palipong'olewa majani ajue hilo. Kasa wa kijani hulisha humo. Nguva hula majani hayahaya, tena huling'oa na shina lake, lakini sasa amebaki adimu mno Tanzania, zaidi upande wa Rufiji na Mafia.

Dema liwekwe kwenye upenyo wa mchanga pembeni ya majani, lisiwekwe juu yake. Samaki wengi hutembea kando ya ukingo, na dema lililokalia majani huinama, mlango ukaziba. Likiachwa palepale kwa majuma mengi, kivuli chake hugeuza majani ya chini kuwa ya njano. Mawe ya kulizamisha yafungwe ndani ya dema, yasiburutwe nje kwa kamba.

Kazi nyingine ya majani haionekani kwa macho. Jani hupunguza nguvu ya maji, vumbi la udongo likatua, na mashina yakalishika. Karboni inayozikwa chini yake ni nyingi kuliko eneo lake: majani yamefunika chini ya asilimia 0.2 ya sakafu ya bahari duniani, lakini huhesabiwa kubeba kama asilimia 10 ya karboni inayozikwa baharini kila mwaka. Kwa miji kama Tanga yenye maji taka karibu na ufuo, utafiti uliochapishwa 2017 kutoka visiwa vya Indonesia ni wa kuangaliwa: palipokuwa na majani, bakteria wa magonjwa kwenye maji ya bahari walipungua kwa karibu nusu. Hiyo si ruhusa ya kuelekeza bomba baharini, kwani maji taka yakizidi, majani yenyewe hufa.

Yanavyoharibika

Sababu ya kwanza ni mwanga. Majani huhitaji kiasi cha asilimia 11 ya mwanga unaogonga uso wa bahari, wakati mwani wa kilindini huweza kuishi na asilimia moja. Masika yakinyesha, Sigi na Mkulumuzi hushusha udongo mwekundu kwenye ghuba ya Tanga, na maji yakikaa na tope majuma kadhaa mfululizo, mmea huanza kula akiba ya wanga iliyo kwenye shina. Wiki mbili tatu hauonyeshi kitu. Halafu unakufa wote kwa pamoja, na watu wanalaumu lile lililotokea juzi. Mbolea na maji taka huja kwa njia nyingine: mwani mwembamba kama nyuzi huota juu ya jani na kulifunika. Lifute jani kwa kidole. Kama chini ya utando ni kijani safi, mmea bado una nguvu.

Juya la kukokota ni baya kwa sababu ya kamba yake ya chini yenye risasi, ambayo hulaza majani na kung'oa mashina kila linapovutwa kuelekea ufuoni, tena palepale kila siku. Limekatazwa na kanuni za uvuvi, na kila kijiji chenye BMU, yaani kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi ufuoni, kinalijua katazo hilo. Baruti iliyoisumbua Tanga miaka mingi huacha shimo ambalo mkondo hulichimba zaidi, ukingo ukabomoka, mashina yakaning'inia hewani. Nanga hufanya vivyo hivyo kwa udogo. Boya moja la kudumu kwenye upenyo wa mchanga linaweza kufungwa ngalawa kadhaa, na gharama yake ni zege la debe moja, kamba na dumu.

Kisha wako wale viumbe wa duara wenye miiba mifupi, Tripneustes gratilla, wanaojifunika vipande vya majani na makombe. Wachache hawana neno. Kikande na samaki wengine wanaowala wakivuliwa hadi kuisha, wao hujaa, na huko kwenye maji ya ndani ya mwamba karibu na Mombasa wamewahi kufyeka Thalassodendron mpaka kubaki vijiti. Thalassodendron huumia kuliko wenziwe kwa sababu sehemu yake inayokua iko juu, kichwani mwa kijiti, mdomoni mwa mlaji. Thalassia ikiliwa hadi mchangani hurudi, maana ya kwake imezikwa.

Jua nalo huunguza. Maji hupwa sana karibu na adhuhuri, na siku za joto la kaskazi utaona uwanda mzima umegeuka kahawia. Usiharakishe kusema umekufa. Chimba: shina lililo gumu na jeupe au la rangi ya nyama ndani li hai, shina laini lenye harufu ya yai bovu limekufa. Lililo hai hutoa majani ndani ya mwezi mmoja au miwili.

Kilimo cha mwani nakiweka mwisho kwa makusudi, kwani ni riziki ya kina mama wengi na hakiharibu kwa lazima. Kinaharibu mkulima anapong'oa majani kusafisha shamba. Akishang'oa, mchanga hulegea, vigingi huyumba, na kila wimbi hupuliza vumbi likatua juu ya mwani wake mwenyewe. Tafuta upenyo wa mchanga, au mahali penye majani machache mafupi ya Halodule na Halophila yanayorudi haraka. Usiweke kitalu juu ya Enhalus. Linafika kwenye kamba na kuusugua mwani. Acha mita moja kati ya vitalu iwe njia, na upite njia hiyohiyo kila siku ili ukanyage sehemu moja tu. Baada ya mavuno kadhaa hamisha kitalu, chini pavute pumzi. Njia ya kamba zinazoelea kwenye maji ya kina, iliyojaribiwa Mlingotini kule Bagamoyo, inaondoa mgogoro huu na kuupunguzia mwani joto, ila inataka chombo, kujua kuogelea na nanga nzuri.

Majani yaliyotupwa ufuoni

Pepo za kusi hutupa marundo ya majani makavu ufuoni, na wenye hoteli hukimbilia kuyachoma au kuyabeba kwa lori. Rundo hilo hukinga mchanga usibebwe na mawimbi, na ukiliondoa kwa reki unaondoa na mchanga. Ufuo unaoliwa na bahari haufai kusafishwa hivyo. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na mivinje na mayai ya kasa, sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Sababu zake zinabishaniwa, lakini inatosha kuonyesha jinsi mchanga usivyo na subira.

Ukitaka mbolea, chukua mstari wa juu tu, ule mkavu kabisa, uache wa chini wenye unyevu. Kung'uta mchanga na kaa wadogo. Weka lundo la kimo cha mita moja mahali pasipo na paa mwanzoni mwa masika, mvua iloweshe na kuteremsha chumvi. Msimu mmoja wa mvua unatosha. Kisha changanya na samadi na majani mabichi ya shambani, majani ya bahari yasizidi robo ya lundo, maana nyuzi zake huoza polepole. Minazi hustahimili chumvi, hivyo unaweza kuyatandaza hata yasipooshwa vizuri, umbali wa mita moja kutoka shinani. Mchicha na nyanya zitaungua ncha za majani ukiharakisha. Kipimo rahisi ni kuloweka gao moja kwenye kikombe cha maji usiku kucha na kuonja asubuhi: ukisikia chumvi, bado.

Kuyapima, na kuyapanda

Kikundi cha watu wanne kinaweza kupima uwanda mzima katika mpwa mmoja. Vuta kamba tatu za mita 50, zilizoachana mita 25, kutoka upande wa ufuo kwenda baharini. Tengeneza fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50, ya waya wa nondo au bomba la plastiki. Ilaze kila baada ya mita tano kuanzia sifuri, utapata fremu 11 kwa kamba, 33 kwa jumla. Kila fremu andika: asilimia ya eneo lililofunikwa na majani, aina zilizomo na mgawo wake, kimo cha majani kwa kupima matatu na kuyaacha yale marefu kupita kiasi, mwani uliomo, na utando ulio juu ya majani. Simama wima juu ya fremu. Ukitazama kwa upande, majani hulaliana na utaandika 80 mahali penye 50. Rudi miezi ileile kila mwaka, kwani kulinganisha kaskazi na kusi kutakupa hasara au faida isiyokuwepo. Vaa viatu vya soli nene, maana samaki aitwaye taa hulala humohumo.

Vipimo hivi vinahitajika Tanga. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilitangazwa 2009 kwa ajili ya samaki wa mapango ya kilindini, lakini ndani ya mipaka yake kuna majani mengi yanayolisha vijiji kila siku.

Kupanda ni jambo la mwisho, baada ya sababu ya uharibifu kuondoka. Mapitio ya majaribio zaidi ya 1,700 duniani, yaliyochapishwa 2016, yaliona kwamba kama asilimia 37 tu ya yaliyopandwa yalinusurika, na bustani ndogo ndogo ndizo zilizoshindwa zaidi. Kwanza juya lihame, au tope lipungue. Halafu chagua aina ya haraka: Cymodocea au Halodule kwanza, Thalassia baadaye. Ng'oa kutoka uwanda ulionawiri, vipande vilivyotawanyika, kamwe si mahali pamoja. Kila kipande kiwe na vishada vitatu au vinne na ncha ya shina inayokua mbele. Kipande kisicho na ncha hukaa tu bila kutambaa, kisha kikafa. Viweke kwenye ndoo ya maji ya bahari chini ya kivuli na uvipande siku hiyohiyo, shina likiwa sentimita tatu hadi tano chini ya mchanga. Kibanie kwa kijiti cha mwanzi kilichopindwa, au, kama mkondo una nguvu, tandaza gunia la jute, tia mashina kwenye matundu yake na ulikandamize kwa mchanga. Huko Wasini, ng'ambo ya mpaka na Mkinga, wametumia magunia hivyo. Gunia la plastiki halifai, haliozi.

Panda mwanzoni mwa maji mafu, ili mche upate siku kadhaa bila kukauka juani wala kuburutwa na mkondo mkali. Wiki ya kwanza majani ya zamani yatadondoka. Hiyo si dalili ya kufa. Rudi baada ya miezi miwili, shika kishada na ukivute kidogo. Kikija mkononi, hakikuota mizizi. Kikikataa, fukua mchanga mbele yake kwa kidole na utafute ncha nyeupe imefika wapi.